Siku 134

Jumapili moja mwezi wa tisa 2021, mimi na binamu yangu tuliketi kwenye ngazi za ploti yetu Kaptembwa, Nakuru, kila mtu na simu yake mkononi, tukaandika maneno matano yaleyale: msaada wa karo ya chuo. Tulikuwa tunabishana. Yeye alikuwa amesema kuna basari imetangazwa mtandaoni, mimi nikamwambia hakuna kitu kama hicho, maana nilikuwa nimetafuta wiki tatu, asubuhi na usiku, na sikuwa nimeiona. Basi tukasema wacha tupime.

Simu yake ilitoa basari juu kabisa: tangazo, fomu ya kupakua, tarehe ya mwisho. Yangu ilitoa apu tatu za mikopo, kampuni ya kamari, na makala ya kunifundisha jinsi mwanafunzi anavyoweza kupata pesa za haraka. Nikashuka chini, nikashuka tena. Basari ilikuwepo, siwezi kudanganya, lakini ilikuwa ukurasa wa pili, kule ambako hakuna mtu huenda. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita siku mbili.

Sitasema hiyo ndiyo iliyonitoa chuo. Nilikuwa na deni la 43,000, nilikuwa nimekosa CAT mbili, na ukweli usemwe, kozi yenyewe nilikuwa naifanya kwa sababu ndiyo niliyoitwa. Lakini ile picha ya simu mbili kwenye ngazi moja haijawahi kunitoka. Mtu akiacha chuo anabaki na kitu kimoja ambacho wenzake hawana, nacho ni wakati. Wangu mwingi nimeutumia kusoma jinsi tulivyofika pale kwenye ngazi.

*

Historia ya injini za kutafuta inaanza na kijana mweusi, na sijui mbona hatukuambiwa shuleni. Alan Emtage alitoka Barbados akaenda kusoma McGill, Montreal. Huko alikuwa na kazi ya kutunza kompyuta za idara, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuwatafutia watu programu za bure zilizokuwa zimetapakaa kwenye seva za vyuo mbalimbali. Wavuti haikuwa imefika kwa watu bado. Ukitaka faili, lazima ujue iko seva gani, uingie, upekue orodha kwa macho. Emtage alichoka. Akaandika programu ya kuzizungukia seva hizo usiku na kuleta orodha za majina ya faili mahali pamoja, ili atafute akiwa ameketi badala ya kutembea nyumba hadi nyumba. Mwaka wa 1990 watu wengine wakaanza kuitumia. Iliitwa Archie. Hakuiombea hataza, na utajiri uliotokana na wazo hilo ulienda kwa wengine.

Archie haikujua kusoma, ilijua majina ya faili tu. Wala haikukujua wewe. Profesa na mhuni wakiandika jina moja walipata orodha moja.

Miaka minne baadaye, wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza kuorodhesha tovuti na kuzigawa kwa mafungu kama vitabu vya maktaba. Hiyo ndiyo ikawa Yahoo. Ilikuwa kazi ya mikono: mtu anafungua tovuti, anaisoma, anaamua iingie fungu gani. Ila wavuti ilikuwa inazaa haraka kuliko binadamu anavyoweza kusoma. Desemba 1995 ikaja AltaVista, na mashine zilizosoma kurasa zenyewe, neno kwa neno. Shida yake anaijua yeyote aliyewahi kuandika insha ya Kiswahili huku akijaza methali ili aongezewe alama: ukurasa ukirudia neno mara mia, mashine inadhani ukurasa huo ni bora.

Larry Page na Sergey Brin, Stanford hiyohiyo, walikuja na wazo ambalo mtu wa mtaa angelielewa upesi. Ukitaka fundi wa friji Kaptembwa, huangalii bango lake. Unauliza. Fundi anayetajwa na wengi ndiye, na akitajwa na mtu ambaye mwenyewe anaheshimika, hiyo kura ni nzito zaidi. Wao wakahesabu viungo kati ya kurasa kama kura. Kwenye andiko lao la 1998 walisema hazina yao ilikuwa na kurasa zisizopungua milioni 24. Mwezi wa tisa mwaka huo wakaandikisha kampuni. Wote wawili walikuwa wanasomea uzamifu na hawakurudi kumaliza. (Mathe, ukisoma hapa: hata wao.) Tofauti ni kwamba Stanford ilibaki na hataza, ikapewa hisa, na mwaka wa 2005 ikaziuza kwa dola milioni 336. Chuo changu kimebaki na deni langu.

Kuna sehemu ya andiko hilo la 1998 ambayo ningependa kila mtu aisome. Iko mwishoni, kwenye nyongeza, mahali ambapo wasomaji huwa wameshachoka. Hapo Page na Brin wanaeleza kwamba injini inayoishi kwa pesa za matangazo, kwa asili yake, itaegemea kwa mwenye tangazo na kumpa mgongo mtafutaji. Hawakuzunguka. Waliandika kama vijana ambao hawajaanza kulipa kodi ya ofisi. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2000, Google ikafungua duka lake la matangazo.

Siwalaumu sana. Seva zinakula umeme na wawekezaji wanakula faida. Lakini tangazo la gazeti na tangazo la injini ya kutafuta ni wanyama wawili tofauti. Gazeti linauza ukurasa mmoja kwa wasomaji wake wote, na mimi nikiuona wa kwangu nimeuona na wako. Injini inaweza kuuza sekunde moja ya mtu mmoja. Ili iuze vizuri, inafaa ijue huyu ni nani, yuko wapi, jana alitafuta nini na alibonyeza nini. Na ikishajua hayo kwa sababu ya matangazo, ni kazi rahisi kuyatumia kupanga na matokeo yenyewe.

Walikwenda polepole. Mwaka wa 2004 lilikuwa jaribio la maabara. Mwaka wa 2005 likafika kwa wenye akaunti waliokubali historia yao ihifadhiwe. Halafu Ijumaa, tarehe 4 Desemba 2009, Google ikatangaza kwenye blogu yake, kwa maneno machache tu, kwamba kuanzia sasa hata mtu asiye na akaunti atapangiwa matokeo kulingana na alichotafuta kwenye kivinjari chake kwa siku 180 zilizopita. Kilichotumika ni kuki, ile alama ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kompyuta yako ili ikutambue ukirudi. Ukitaka unaweza kuzima, walisema. Wewe uliwahi kuzima?

Sasa weka tarehe nyingine kando ya hiyo. Tarehe 23 Julai 2009 kebo ya SEACOM ilianza kazi Mombasa. Mwezi mmoja kabla yake, TEAMS ilikuwa imefika pwani yetu ikitoka Fujairah kule Ghuba. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti: ghali, na ukurasa ulifunguka chai ikishapoa. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Ninachokumbuka ni gazeti lenye picha za watu wakubwa wakipiga makofi, na mjomba akisema sasa hata sisi tumefika.

Tumefika wapi? Kutoka 23 Julai hadi 4 Desemba ni siku 134. Nimehesabu kwa kalenda mara mbili. Hizo ndizo siku ambazo nchi hii ilikuwa na intaneti ya kebo na pia ukurasa wa kutafuta uliokuwa karibu sawa kwa kila mtu asiye na akaunti. Wenzetu ng'ambo walikuwa na ukurasa wa pamoja miaka 19, tangu Archie. Walipata muda wa kuuzoea, kuutukana, kuugombania. Sisi tulifika sokoni wakati mabanda yanabomolewa ili kila mteja ajengewe chumba chake.

*

Lakini tulikuwa na saiba.

Ya kwetu ilikuwa kando ya kinyozi: kompyuta sita, shilingi moja kwa dakika, na jamaa mpole ambaye sote tulimwita Tichi ingawa hakuwahi kufundisha popote. Hakuna aliyesafisha historia ya mashine. Kompyuta namba nne, ile iliyokuwa karibu na dirisha, ilimkumbuka kila mtu. Ukiandika herufi b kwenye kisanduku inakuletea: barua ya kuomba kazi, bei ya ng'ombe wa maziwa, biblia ya kusikiliza. Ukiandika k: kazi qatar, kcse 2010, kwa nini mwanaume hanipigii simu. Nilikuwa darasa la saba na nilijua siri za mtaa mzima bila kujua ni za nani.

Kuki nayo ilikuwa ya kompyuta, si ya mtu. Kwa hivyo mashine kule California ilidhani kompyuta namba nne ni binadamu mmoja, na binadamu huyo alikuwa wa ajabu. Ana miaka kumi na mbili na anastaafu mwaka huu. Anajiandaa kwa KCPE, anafuga kuku, anaumwa mgongo, anataka viza, anashabikia Arsenal na Man U kwa pamoja. Matokeo aliyopangiwa yalikuwa matokeo ya Kaptembwa. Njia alizobonyeza mzee wa mgongo asubuhi zilimpandishia kurasa mama wa mgongo jioni. Hakuna mhandisi aliyekusudia hivyo. Ni ukosefu tu uliotupanga foleni kwenye kiti kimoja.

Halafu kulikuwa na foleni yenyewe. Mtu aliyesimama nyuma yako aliona ulichoona. "Wachana na hiyo ya juu, ni wakora, walikula pesa za brathe. Bonyeza ile ya tatu." Hiyo sentensi nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyowahi kusikia onyo lolote kutoka kwa kampuni ya intaneti.

Wakati huohuo Nairobi kulikuwa na jaribio ambalo watu wa rika langu wengi hawalijui. Mocality, iliyoanza hapa mwaka wa 2010, ilikuwa orodha ya biashara za Kenya: kinyozi, posho mill, duka la vipuri, na nambari zao za simu. Biashara ndogo za Kenya hazikuwa kwenye intaneti, kwa hivyo mashine isingeweza kuzikusanya. Mocality ikalipa watu wa kawaida kwa M-Pesa watembee mitaani, mlango hadi mlango, wakiandikisha moja baada ya nyingine. Zikafika zaidi ya laki moja. Ilikuwa kama Yahoo ya zamani, ila miguu ilikuwa ya kwetu, na ukiifungua uko Gikomba au Kisumu unaona orodha ileile.

Kisha wenye biashara wakaanza kuwapigia simu Mocality wakiuliza maswali ambayo hayakueleweka, kuhusu tovuti ambazo Mocality haikuwa inauza. Kampuni ikachunguza kumbukumbu za seva zake, ikaona anwani moja ya intaneti inafungua orodha yao biashara baada ya biashara, kila siku. Wakatega mtego ambao bado unanichekesha. Waliandika programu ili mgeni akitoka kwenye anwani ile, aone nambari za simu tofauti na zile ambazo dunia nzima inaona. Nambari hizo zililia kwenye ofisi yao wenyewe. Wakapokea, wakarekodi. Waliopiga walikuwa wanafanyia kazi Google, wakiwauzia watu tovuti, na wengine walidai kuna ushirikiano na Mocality. Ushirikiano huo haukuwepo. Januari 2012 Mocality ilianika yote hadharani, na Google ikaomba radhi. Mwaka uliofuata Mocality Kenya ikafunga.

Ona walivyonaswa: kwa kuonyeshwa ukurasa wao peke yao. Walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba wanachokiona ndicho kila mtu anachokiona. Kama hawakuweza kujua wao, wa Google, nitajua mimi?

*

Baadaye simu zilishuka bei na saiba zikageuka mahali pa kuchapisha na kufungulia akaunti ya KRA. Kila mtu akaondoka na ukurasa wake, akaenda nao kitandani.

Nilipoanza kusoma mambo haya nilikutana na kitabu cha Eli Pariser cha 2011, kile kilichowapa watu jina la kiputo. Mwaka wa 2010, mafuta ya BP yakimwagika Ghuba ya Meksiko, aliwaomba marafiki zake wawili watafute jina la kampuni hiyo. Mmoja akapata mambo ya uwekezaji. Mwingine akapata habari za ajali. Nilikipenda kitabu hicho sana, sababu ilikuwa ni ile ngazi yetu, imeandikwa na Mmarekani.

Kisha nikasoma waliompima. Watafiti wa chuo cha Northeastern, Boston, walichapisha mwaka wa 2013 matokeo ya kulinganisha kurasa za watu 200 na kurasa zisizo na mtu. Kwa wastani asilimia 11.7 ya matokeo yalitofautiana kwa sababu ya huyo anayetafuta, na kilicholeta tofauti zaidi ni kuwa ndani ya akaunti yako na mahali ulipo. Google nayo imesema kwamba tofauti nyingi ni za mahali na za ulichotafuta dakika chache zilizopita. Nilikasirika, nisikudanganye. Nilihisi kama mlalamishi ambaye kesi yake imetupwa nje.

Hata hivyo nimekaa na hiyo 11.7. Kwenye ukurasa wa viungo kumi, ni kama kiungo kimoja. Kimoja tu. Na juu ya viungo kuna matangazo, ambayo ndiyo yaliyokuwa yamejaza skrini yangu. Binamu yangu siku hizo alikuwa anawajazia watu fomu za serikali kwa simu, shilingi hamsini kila fomu. Simu yake ilikuwa imezoea fomu. Yangu ilikuwa imezoea usiku wangu. Wiki tatu hizo nilikuwa nimefungua apu mbili za mikopo, nikakopa, nikaweka zile pesa kwenye mechi nikitumaini zitazaa. Mashine haikunionea. Ilinipa nilichobonyeza jana, na juzi, ikadhani huyo ndiye mimi kesho.

Nisije nikaonekana kama mtu anayelilia siku za zamani. Ukurasa wa pamoja haukuwa na huruma. Safiya Umoja Noble, msomi Mmarekani mweusi, karibu mwaka wa 2010 alitafuta maneno ya kawaida kabisa kuhusu wasichana weusi, akitaka kitu cha kuwapa binti yake wa kambo na wapwa zake. Ukurasa wa kwanza ulimletea ponografia. Kitabu chake kilitoka 2018 na kinasumbua kukisoma. Lakini angalia kilichofuata. Kwa sababu uchafu ule ulikuwa unaonekana na yeyote anayeandika maneno yale, watu wengi waliweza kuuona, kuunyooshea kidole pamoja, na matokeo yakabadilishwa. Ningeonyesha nini mimi? Skrini yangu ya Jumapili hiyo iliona mtu mmoja, na shahidi mmoja aliyekuwa ameketi karibu.

Hata kuchungulia kwa jirani kumekuwa kugumu. Zamani ungeweza kuandika anwani ya Google ya Uingereza uone wanachoona wao. Oktoba 2017 hiyo iliisha: uandike anwani yoyote, unapewa matokeo ya ulipo, na ukitaka ya kwingine uingie kwenye mipangilio ukayatafute. Injini zisizokufuata zipo, DuckDuckGo imekuwepo tangu 2008, lakini mtu hutumia aliyoikuta kwenye simu. Ushahidi uliotolewa mahakamani Marekani ulionyesha kwamba mwaka wa 2021 pekee Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe ndiyo utakayoikuta, na Agosti 2024 jaji akaamua kwamba imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria.

*

Sasa ukurasa wenyewe unaondoka.

ChatGPT ilitoka 30 Novemba 2022. Mei 2024 Google ikaanza Marekani kuweka jibu lililoandikwa na akili mnemba juu ya viungo, na mwezi huohuo jibu moja likamshauri mtu atie gundi kwenye piza ili jibini ishike. Mzaha wa zamani wa mtu fulani kwenye Reddit, umesomwa na mashine kama mapishi. Dunia ilicheka. Ilicheka kwa sababu ilikuwa imeona jibu lilelile. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2025, Google ikatangaza kwamba kutafuta kwa aina hii kutaweza, ukiruhusu, kutumia ulichotafuta zamani na hata barua pepe zako ili jibu likufae wewe. ChatGPT nayo mwezi mmoja kabla ilikuwa imeanza kuwakumbuka watumiaji wake kwa mazungumzo yote waliyowahi kufanya nayo.

Watu huuliza wakati ujao wa kutafuta utakuwaje kana kwamba ni jambo la wanasayansi. Mimi naliona kwa kipimo kidogo tu. Basari yangu ilikuwa ukurasa wa pili. Ilikuwa mbali, ilikuwa imechelewa, lakini ilikuwepo, na nilipoambiwa ipo niliweza kushuka nikaiona. Jibu la aya moja lililopikwa kwa ajili yangu halina ukurasa wa pili. Kama basari haimo, haimo, na aya yenyewe itasomeka vizuri, kwa adabu, kama kwamba hakuna kilichoachwa.

Na bado mikono iko. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi ya kutisha ili ChatGPT ijifunze kuyakataa. Yahoo iliwalipa watu wasome tovuti nzuri na kuzipanga. Vijana wa Nairobi walilipwa wasome mabaya ili wewe usiyaone. Kati ya hao wa Stanford na hawa wa kwetu ni karibu miaka thelathini ya watu kuambiwa kwamba kazi inafanywa na mashine.

*

Agosti 2006 kampuni ya AOL iliwapa watafiti orodha ya maneno waliyoyatafuta watu kama 650,000 kwa miezi mitatu, karibu maswali milioni 20. Majina yaliondolewa, kila mtu akapewa nambari. Ndani ya siku chache waandishi wa New York Times walikuwa wamemjua nambari 4417749: mjane wa miaka 62 jimboni Georgia. Alikuwa ametafuta watu wenye jina la ukoo wake, mafundi wa bustani wa mji wake, vidole vinavyokufa ganzi, mbwa anayekojolea kila kitu. AOL iliondoa orodha hiyo, lakini ilikuwa imeshanakiliwa. Nimeitafakari sana kwa sababu si aibu inayonigusa mle. Ni upweke. Mtu akiandika kwenye kile kisanduku hudhani hakuna aliyesimama nyuma yake kwenye foleni.

Mwaka jana niliomba orodha yangu. Injini nyingi siku hizi zinakuruhusu kupakua ulichowahi kutafuta. Inakuja kama faili moja ndefu, tarehe na saa. Nilisoma yangu usiku mmoja kama anavyosoma mwanahistoria nyaraka za mtu aliyekufa. Kuna wiki tatu za mwezi wa nane na wa tisa 2021 ambazo sikutaka kuzisoma, nikazisoma. Saa nane usiku: jinsi ya kuahirisha masomo chuoni. Saa nane na dakika sita: mkopo bila CRB. Saa nane na nusu: Brentford watashinda. Katikati kuna vitu ambavyo si vyangu. Jinsi ya kuchora dinosa, hiyo ni ya ndugu yangu mdogo. Tafsiri ya ndoto ya nyoka, hiyo ni ya shosho, alipokuja kwa matibabu. Kumbe simu yangu nayo ilikuwa kompyuta namba nne.

Halafu tarehe 17 Novemba 2021, saa tano na dakika arobaini usiku. Nilikuwa nimerudi nyumbani na sanduku langu siku mbili kabla. Simu ilikuwa ikichajiwa jikoni, na mathe wakati huo alikuwa na kabambe tu, isiyo na intaneti. Imeandikwa kwa herufi ndogo bila nukta: kijana wangu ameacha chuo nifanye nini

Chini yake kuna kilichobonyezwa. Si makala ya ushauri, wala si chuo kingine. Ni tangazo la shule ya udereva, hapa hapa Nakuru. Ameifungua, akatoka, akaifungua tena.

Ninaikumbuka hiyo wiki. Alikuwa anakoroga ugali, akaniuliza bila kugeuka kama nimewahi kufikiria kujifunza kuendesha gari. Nikamwambia mimi na magari wapi na wapi. Nikarudi chumbani nikijiuliza ametoa wapi hiyo.